Gari Inapogonga: Tusikilize Mbele ya Kufungua Sanduku



Juma hili tunaacha kidogo mambo ya uji na masomo ya watoto. Vikundi vyetu vingi viko na kamioneti ya zamani, iliyonunuliwa kwa feza ya pamoja, na kila mara tunasikia lalamiko lile lile: "Gari yetu inagonga. Fundi anasema moteri imekufa, tununue ingine." Mweka hazina anafungua sanduku, akiba ya miezi mingi inatoka, na mara nyingine gari inarudi barabarani ikigonga vile vile.

Jambo la kushika leo ni moja: kugonga ni dalili, haiko ugonjwa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kidonda, inaweza kuwa jino. Tukimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya, nesi anauliza kwanza: ilianza lini? Inapanda usiku ao mchana? Anasikia maumivu wapi? Moteri nayo inastahili maswali ya namna hiyo mbele ya mtu kusema "imekufa." Na maswali hayo hayangojei mwanaume. Mama yeyote mwenye masikio anaweza kuyauliza.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Gari yetu ni Toyota Hilux ya zamani, inayokunywa esanse, moteri yake inaitwa 22R: silinda 4, litre 2.4. Inashuka mpaka uwanda wa Ruzizi kuleta muchele na nyanya, kisha inapanda mlima wa Ngomo kuelekea Nyangezi, mpaka soko la Kadutu. Ni mlima wa kweli. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, na Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Mzigo wote huo tunaupandisha juu, na mara nyingi kuna wamama wamekaa juu ya magunia.

Moteri ikikatika njiani, hasara haiko nyanya za kuoza peke yake. Breki za gari kama hizi zinasaidiwa na moteri. Ikizimika kwenye mtelemko, pedali ya breki inakuwa ngumu sana, na shofere anapaswa kukanyaga kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo tuko na hatari mbili: kutoa feza bure kwa ugonjwa mdogo, na kuendelea kutembea na ugonjwa mkubwa. Kusikiliza vizuri kunatulinda kwa zote mbili.

Ndani ya moteri kuna nini

Tuseme kwa kifupi. Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Inabana hewa na esanse, buji inawasha moto, moto unasukuma pistoni chini. Pistoni imefungwa na mkono wa chuma, ndio bieli, na bieli inazungusha shafti kubwa ya chini, ambayo mafundi wanaita vilebrekini. Kati ya bieli na shafti kuna vipande vyembamba vya chuma laini, vinaitwa kusine. Juu ya moteri kuna supapi, milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Mbele kuna mnyororo unaofanya juu na chini kwenda pamoja. Na mafuta ya moteri yanapita mahali pote, ili chuma kisiguse chuma.

Kila sehemu ikiharibika iko na sauti yake, mahali pake na saa yake. Kwa hiyo maswali yetu ni matatu: inagonga wapi, inagonga wakati gani, na inagonga kwa sauti gani?

Sauti ya juu: tik-tik-tik

Hii ni sauti nyembamba, ya haraka, inatoka chini ya kifuniko cha juu. Inasikika gari ikisimama, na inaongezeka mbio pamoja na moteri. Mara nyingi ni supapi zimelegea na zinahitaji reglaji. Kwa moteri ya 22R, kazi hii inafanywa kwa skuru na karatasi ya chuma ya kupimia: milimita 0.20 kwa supapi za kuingiza, na 0.30 kwa supapi za kutoa, moteri ikiwa ya moto. Ni kazi ya masaa machache, haihitaji moteri ingine.

Sauti inayofanana nayo ni ya moshi unaotoroka mahali bomba la moshi linapofungwa na moteri. Hiyo inasikika zaidi asubuhi, baridi, na mara nyingi inapungua chuma kikipata moto. Tukiangalia vizuri, tutaona alama nyeusi ya masizi mahali inapotoroka.

Sauti ya mbele: mnyororo

Wenye 22R wasikilize hapa. Mnyororo wa mbele unaongozwa na vipande vya plastiki. Gari ikizeeka, plastiki inavunjika na mnyororo unaanza kucheza. Tunasikia mkwaruzo kama mnyororo wa mlango unaopigwa na upepo, hasa asubuhi wakati wa kuwasha. Watu wengi wanazoea sauti hii na kuiacha. Ni vibaya, kwa sababu mnyororo unakata polepole kifuniko chake, na nyuma ya kifuniko kile kunapita maji. Siku kinapotoboka, maji yanaingia katika mafuta, na mafuta yanakuwa rangi ya kahawa ya maziwa. Hapo kazi ndogo imekuwa kazi kubwa. Mnyororo na viongozi vyake vibadilishwe mbele ya siku hiyo.

Sauti ya mlimani: mawe ndani ya kopo

Hii ndiyo inayodanganya watu wengi. Gari ikisimama, kimya. Kwenye tambarare, kimya. Tukibeba mzigo na kuanza kupanda, shofere akikanyaga, tunasikia kama mawe madogo yanatikiswa ndani ya kopo. Akiachilia mguu, inanyamaza.

Hapa mara nyingi hakuna chuma kilichovunjika. Ni moto wa esanse unaowaka vibaya, mbele ya wakati wake ao kwa kupasuka, na unapiga pistoni ikiwa ingali inapanda. Sababu zake ni hizi:

Ya kwanza ni avansi, yaani wakati wa buji kuwasha. Ikipangwa mapema sana kwenye delko, moteri inagonga mlimani.

Ya pili ni esanse mbaya. Kuna esanse ya bidoni inayochanganywa na petroli ya taa, na petroli ya taa haivumilii kubanwa. Tone moja juu ya karatasi nyeupe linasaidia: esanse safi inakauka bila kuacha kitu, yenye petroli inaacha alama ya mafuta. Tufanye hivyo mbali na moto na mbali na watoto.

Ya tatu ni joto: maji yamepunguka katika radiateri, ao radiateri imeziba. Tusifungue kamwe kifuniko chake moteri ikiwa ya moto. Maji yanaruka na kuunguza uso.

Ya ine ni makaa yaliyoganda juu ya pistoni kwa miaka mingi, ao buji zisizo za moteri ile.

Ya tano ni shofere mwenyewe: anapanda na vitesi kubwa na kulazimisha moteri kuvuta kwa taabu. Arudishe vitesi mapema, moteri izunguke kwa wepesi.

Tusifikiri kwamba, kwa sababu hakuna kilichovunjika, tunaweza kungoja. Kugonga huku kukiendelea miezi, kunatoboa pistoni.

Sauti ya chini: nyundo

Hii ndiyo ya kuogopa. Ni sauti nzito, kama nyundo inayopiga ubao, tok-tok-tok, inatoka chini kabisa ya moteri. Haingojei mlima. Inasikika gari ikisimama, shofere akiongeza moto kidogo na kuachilia, na mara nyingi inazidi moteri ikipata joto, kwa sababu mafuta yamekuwa mepesi. Taa nyekundu ya mafuta, yenye picha ya kibirika, inaweza kuwaka gari ikisimama.

Hiyo ni dalili ya kusine za bieli zilizoliwa. Hapa hakuna "tufike kwanza sokoni." Tuzime moteri, tupakue mzigo, tuvute gari kwa kamba. Bieli ikikatika inaweza kutoboa moteri upande hadi upande. Gari ikizimwa mapema, pengine kusine peke yake zitabadilishwa na shafti kusawazishwa. Ikilazimishwa kilomita ishirini zaidi, hapo ndipo fundi atasema kwa haki kwamba moteri imekufa.

Sauti ya asubuhi, na sauti za nje

Kuna kugonga kunakosikika dakika chache za asubuhi, kisha kunapotea moteri ikipata moto. Mara nyingi ni pistoni zilizochakaa kidogo, zinacheza ndani ya silinda mpaka chuma kipanuke. Gari inaweza kuishi nazo muda mrefu, ikiwa mafuta yanaangaliwa.

Na kuna kelele zisizo za ndani ya moteri hata kidogo: mpira wa kushikilia moteri umekatika, bomba la moshi linapiga chini ya gari, puli imelegea, karatasi ya chuma ya kukinga joto imefunguka. Tuanze kwa kutikisa hivi vyote kwa mkono, moteri ikiwa imezimwa na baridi. Ni aibu kununua moteri kwa sababu ya bulo moja iliyolegea.

Gari za mazuti ziko na desturi yao: zinagonga kwa asili, hasa asubuhi. Tusiogope sauti yao, tuogope ikibadilika. Injekteri mbaya inaweza kutoa sauti kama ya bieli. Fundi mwenye ujuzi anaijua kwa kulegeza mabomba ya injekteri moja moja. Tumwachie yeye, kwa sababu mazuti yanatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.

Jinsi ilivyotokea kwetu

Gari yetu ilianza kugonga mlimani Ngomo, ikiwa na magunia. Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika moja, akasema moteri imekwisha, na kwamba anajua mahali pa kupata moteri ya okazioni. Fundi wa pili alisema ni bieli, ifunguliwe yote. Bei ya yule wa kwanza ingekula akiba yetu ya miezi minane, na masomo ya watoto yalikuwa yanakaribia kuanza.

Mweka hazina wetu alikataa kutoa feza siku ile. Aliuliza shofere: gari ikisimama inagonga? Hapana. Ikishuka? Hapana. Bila mzigo? Kidogo sana. Ilianza lini? Akajibu: juma lile lile delko ilipofunguliwa kutengenezwa. Na esanse mnanunua wapi? Akajibu: kwa kadhafi, njiani, katika bidoni.

Tulienda kwa fundi wa tatu na majibu hayo yakiwa yameandikwa kwenye karatasi. Hakufungua kitu. Aliweka taa ya kupimia avansi, akatuonyesha alama kwenye puli: buji zilikuwa zinawasha mapema sana. Akapanga upya delko. Tukamwaga esanse ile, tukaweka safi, na tukapanda Ngomo tena na mzigo ule ule. Mawe ndani ya kopo hayakusikika.

Lakini fundi huyo huyo alituambia pia jambo ambalo hatukutaka kusikia: mnyororo wa mbele unakwaruza, usingoje mwaka mwingine. Tuliulipia mwezi uliofuata, na haikuwa feza kidogo. Tunasema hivyo ili mtu asifikiri kwamba kusikiliza kunafanya kila tengenezo kuwa rahisi. Kunatusaidia kulipa kile kinachostahili kulipwa.

Vipimo vya kuomba mbele ya kulipa

Kwanza, mafuta. Gari isimame mahali pa sawa, moteri izimwe dakika chache, tutoe kijiti, tupanguse, turudishe, tutoe tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Moteri yenye mafuta kidogo inaweza kugonga kwa njaa tu, lakini tusiiache njaa hiyo iendelee.

Pili, kusikiliza kwa kijiti. Fundi anachukua turnevisi ndefu, anaweka ncha juu ya chuma cha moteri na mpini kwenye sikio. Sauti inasikika kali pale inapotoka: juu, mbele ao chini. Tunaweza kuomba tusikie na sisi. Lakini tufunge vitenge vizuri na vitambaa vya kichwa, na tukae mbali na feni na mikanda. Kitenge kikishikwa na feni, mwili unafuata.

Tatu, kukata moto silinda moja moja. Moteri ikizunguka polepole, fundi anatoa waya wa buji moja, kisha anarudisha, kisha ya pili, mpaka ya ine. Kazi hii ni yake, kwa sababu waya ule unapiga umeme. Kama kugonga kunapungua sana kwenye silinda moja, ugonjwa uko kwa bieli ao pistoni ya silinda ile. Kama hakubadiliki, tutafute mahali pengine.

Ine, kupima nguvu ya mafuta. Anafungua mahali pa taa ya mafuta na kuweka saa ya kupimia. Nguvu ikiwa ndogo sana moteri ikiwa ya moto, kusine ao pompi ya mafuta imechoka.

Tano, kuangalia mafuta yanayomwagwa. Tuyapitishe juu ya kitambaa cheupe. Unga unaong'aa si habari njema. Tuweke sumaku: chuma kigumu kitashikwa, lakini vipande vya kusine kwa kawaida havishikwi. Unga mwingi wa rangi ya shaba usioshikwa na sumaku unatuambia tusiwashe tena.

Wenye kutaka kununua gari ya zamani

Mbele ya kusikia moteri, mama aweke mkono juu ya kapo. Ikiwa ya moto tayari, muuzaji ameiwasha mapema, na sauti ya asubuhi imefichwa. Arudi kesho asubuhi, aisikie ikiwa baridi, kisha aisikie tena ikiwa ya moto. Atoe pia kijiti cha mafuta. Kuna watu wanaoweka mafuta mazito sana ili kunyamazisha nyundo ya chini kwa siku chache. Na moteri ya okazioni nayo isilipiwe yote mbele ya kusikika ikizunguka.

Maneno ya kusema garajini

Fundi mwema hakasiriki akiulizwa. Tuende wawili wa komite, si mama mmoja. Tuseme hivi: "Fundi, tunaomba utuonyeshe inatoka wapi. Umejuaje? Umepima nini? Kama tukitengeneza hiki na ikaendelea kugonga, itakuwa nini?" Na mwisho: "Vyombo vya zamani utaturudishia, tuvione." Bei iandikwe, pyesi zitajwe moja moja, na kazi itajwe mbali na pyesi.

Kwa juma hili tunaomba kila kikundi chenye gari kinunue daftari moja la wanafunzi. Shofere aandike humo kila jioni: tarehe, kilomita, kiasi cha mafuta ya moteri, esanse imenunuliwa wapi, mzigo ulikuwa kiasi gani. Gari ikigonga, aandike wapi, wakati gani, sauti gani. Anayeshindwa kuandika amwambie mtoto wa shule aandike. Daftari likae kwa mweka hazina, karibu na sanduku, na sanduku lisifunguliwe kwa ajili ya moteri mbele ya daftari kusomwa mkutanoni.

Tunawatakia safari njema na soko jema.